Maji Yaliyomo Ndani ya Mvua

Mkulima aghalabu huipima mvua kwa macho na masikio. Ikipiga bati usiku kucha, asubuhi husema mvua imenyesha nyingi. Ikipita kimya kimya, huisahau. Lakini mmea wa mahindi hauna masikio. Mmea huishi kwa maji yaliyofika mizizini, na maji hayo yana kiasi chake kinachoweza kuhesabiwa kama zinavyohesabiwa gunia wakati wa mavuno.

Kila mwaka Bwana Shamba apitapo vijijini huulizwa swali lile lile: "Mbona mvua ilinyesha vizuri, na mahindi yamekauka?" Swali hili ni la haki. Aliyeuliza amepoteza mbegu, nguvu zake, na pengine chakula cha watoto wake cha miezi minne. Ili tulijibu, hapana budi kwanza tujue kwamba kuona mvua ni jambo moja, na kujua maji yaliyomo ndani yake ni jambo jingine. Mvua mbili zinazofanana machoni zaweza kupishana sana katika maji.

Tuanze mbali kidogo, maana mfano ulio wazi kuliko yote hauko Mpanda.

Kimo si maji

Katika nchi za baridi maji ya mbinguni hayashuki kama matone. Huganda angani yakawa vipande vidogo vyepesi vya barafu, vikashuka na kulala juu ya ardhi kama pamba iliyochambuliwa. Hiyo ndiyo theluji. Hapa kwetu Tanzania yaonekana kileleni mwa Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895, na mara chache juu ya mlima Meru.

Sasa fikiri kwamba theluji imeanguka usiku hata ikafika kimo cha sentimita 30, yaani hadi katikati ya muundi wa mtu mzima. Je, yamo maji kiasi gani? Mtu asiyejua atasema ni maji ya kimo cha sentimita 30. Sivyo. Theluji ni barafu kidogo na hewa nyingi. Kwa kadiri ya kawaida, theluji mpya ya sentimita 10 ikiyeyushwa hutoa maji ya sentimita 1 tu. Basi ile ya sentimita 30 ina maji ya milimita 30 hivi, sawa na mvua moja nzuri ya mwezi wa Desemba hapa kwetu.

Hata hesabu hiyo haifai kila mahali. Katika milima ya bara la Marekani, kama ile ya Utah, baridi ni kali na hewa ni kavu. Theluji ya huko ni nyepesi kama unga, na mara nyingine zahitajika sentimita 20 au zaidi ili kupata sentimita 1 ya maji. Katika milima ya California iliyo karibu na bahari, hewa ina unyevu mwingi na baridi si kali sana, kwa hiyo theluji ni nzito, na sentimita 5 mpaka 8 zaweza kutosha kutoa sentimita 1 ya maji. Kwa hiyo kimo kile kile cha sentimita 30 chaweza kuwa na maji ya milimita 15 mahali pamoja, na milimita 60 mahali pengine. Theluji iliyokaa muda mrefu hushindiliwa kwa uzito wake yenyewe, na ifikapo mwisho wa majira ya baridi sehemu ya tatu yake, au hata nusu, huwa ni maji.

Sababu yake ni hewa yenyewe. Hewa yenye joto huweza kubeba mvuke mwingi, hewa ya baridi hubeba kidogo. Chukua chumba cha mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Hewa ya joto la nyuzi 30 iliyojaa chumba hicho yaweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ikiwa nyuzi 0, hubeba gramu 5 hivi. Ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hubeba gramu 1 tu. Ndiyo maana katikati ya bara la barafu la kusini ya dunia, mahali penye weupe usiokwisha, hupata maji yasiyofika milimita 50 kwa mwaka. Kwa hesabu ya maji nchi ile ni jangwa, ingawa mtu hawezi kupiga hatua bila kukanyaga barafu.

Wakulima wa magharibi ya Marekani hutegemea theluji ya milimani iyeyuke na kujaza mifereji yao wakati wa kiangazi. Hapo zamani walikuwa wakitazama weupe wa mlima na kukisia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwalimu mmoja wa Nevada aitwaye James Church alitengeneza bomba refu la kuchoma ndani ya theluji hata chini, akalitoa pamoja na theluji iliyomo, akalipima kwa mizani. Uzito ulimwambia maji yaliyomo, na kwa njia hiyo aliweza kutabiri ziwa Tahoe litapanda kiasi gani. Watu waliacha kuuliza theluji ni ndefu kiasi gani, wakaanza kuuliza ina uzito gani. Hilo ndilo swali letu pia.

Maji ya Kilimanjaro hutoka wapi

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mito ya Kilimanjaro hutoka kwenye theluji ya kilele. Ukipima maji, habari hubadilika. Mvua nyingi za mlima ule huangukia ukanda wa msitu wa upande wa kusini, mahali penye urefu wa mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, ambapo kwa mwaka huanguka zaidi ya milimita 2,000. Kadiri unavyopanda kuelekea kileleni, maji hupungua sana. Na theluji ya kileleni nyingi yake haiyeyuki ikatiririka. Jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke moja kwa moja, ikapotea angani. Chemchemi na mifereji ya Wachaga hulishwa hasa na msitu.

Barafu ya kale ya Kilimanjaro imepungua mno. Mwaka 1912 ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2000 zilikuwa zimebaki 2.5 hivi, na imeendelea kupungua tangu hapo. Ni hasara ya kusikitisha. Lakini mkulima wa Moshi anayeogopa kukauka kwa mto wake auangalie kwanza msitu. Jambo hili latuhusu na sisi wenye milima ya Mwese, ambako msitu unakatwa kila mwaka kwa mashamba na mkaa.

Mvua ya mawe

Hapa Katavi hatuna theluji, lakini tuna ndugu yake, nayo ni mvua ya mawe. Huanguka aghalabu saa za alasiri, wakati wingu limepanda juu sana kama mnara. Ndani ya wingu hilo upepo husukuma matone kwenda juu mpaka mahali penye kuganda, ambapo kwa nchi zetu ni karibu mita 4,800 kutoka usawa wa bahari. Tone huganda, hupakwa maji mengine nayo yakaganda, hata jiwe likawa zito mno kwa upepo kulishika, likaanguka.

Likiwa linaanguka hupita katika hewa ya joto na huanza kuyeyuka. Basi nchi iliyo juu hupata mawe mengi kuliko nchi iliyo chini, kwa kuwa njia ya kuyeyukia ni fupi. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ni chini kuliko Mpanda mjini, na Mpanda ni chini kuliko Mwese. Nchini Kenya nyanda za juu za Kericho na Nandi zajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na wenye mashamba ya chai hupata hasara kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza hata kutumia ndege kumwaga dawa mawinguni ili kuyavunja mawe yangali madogo.

Mawe yakilala shambani kwa unene wa sentimita 3, usihesabu kwamba ni maji ya milimita 30. Kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi ya hewa, na barafu yenyewe ni nyepesi kuliko maji. Utapata karibu nusu tu, yaani milimita 15 au 16. Na maji hayo huja pamoja na madhara. Jani la tumbaku lililotoboka halina thamani sokoni. Lakini mahindi machanga yenye majani yasiyozidi matano usiyang'oe kwa hasira, hata yakionekana yamechanika kabisa. Moyo wa mmea wakati huo bado uko chini ya udongo. Ngoja siku saba. Jani jipya likitokea katikati, palilia na uendelee. Nimeona mashamba mengi yaliyofufuka, na wenyewe wamekwisha kuazima mbegu za kurudishia ambazo hazikuhitajiwa.

Mbona mvua haigawanywi sawa

Mkoa wetu wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Jua likielekea kusini, ukanda wa mawingu hulifuata, na pepo zenye unyevu kutoka upande wa Kongo hutufikia. Jua likirudi kaskazini, mawingu huondoka nalo, tukabaki na kiangazi cha miezi sita. Mikoa ya kaskazini, kama Kagera na Kilimanjaro, hupitiwa na ukanda huo mara mbili, ikapata vuli na masika. Hivyo ushauri wa kupanda unaousikia redioni kwa ajili ya Moshi au Bukoba hauhusu shamba lako la Sitalike.

Kwa mwaka, Mpanda hupata kwa wastani kati ya milimita 900 na 1,000. Linganisha: Bukoba, palipo na ziwa kubwa mbele yake, hupata karibu 2,000, Tukuyu, palipo na mlima wa kuyazuia mawingu, hupita 2,000, Dodoma hupata 570 hivi. Na ndani ya mkoa wetu mambo hayako sawa pia. Nyanda za juu za Mwese huwa na baridi na unyevu zaidi, maana hewa ikipandishwa na mlima hupoa, nayo ikipoa haiwezi kushika mvuke wake. Bonde la Rukwa, huko Usevya, Kibaoni na Majimoto, liko chini na nyuma ya miinuko. Hewa ikishuka hupata joto na hukauka, kwa hiyo kwa kawaida bonde hupata mvua chache kuliko nyanda zinazolizunguka. Mpunga wa Mpimbwe hulishwa sana na maji yanayoteremka kutoka miinukoni. Mwenye jaruba asiyejua hivyo hufikiri mvua ya kwake imemtosha, kumbe anakula mvua ya jirani.

Neno "wastani" nalo lina hila. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na wataalamu, wakakusudia kulima ekari zaidi ya milioni tatu. Mvua ya Kongwa kwenye karatasi ilionekana yatosha. Shambani ilikuja kwa kishindo wiki hii, ikakosekana wiki zile. Na udongo ulipokauka uliganda kama saruji, karanga zisiweze kung'olewa. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimekwisha kupotea. Mkulima wa jembe la mkono hana pauni milioni 35. Ana debe mbili za mbegu, na hizo zikienda zimekwenda.

Kupima maji yako mwenyewe

Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Juu ya ekari moja ni lita 4,000 na kidogo. Kwa hiyo mvua ya milimita 25, ambayo wazee wetu waliiita inchi moja, huleta katika ekari yako lita 100,000, yaani debe 5,000 za maji. Hakuna familia iwezayo kubeba maji hayo kichwani, na yamekuja bure kwa saa chache.

Ili kujua umepata ngapi, tafuta kopo la bati lenye pande zilizosimama wima na mdomo ulio sawa na kitako, kama kopo la maziwa ya unga. Liwe refu, maana katika kopo fupi matone na mawe hurukia nje. Lisimamishe juu ya kigingi mahali peupe. Kama kuna mti au nyumba, kopo liwe mbali nayo mara mbili ya urefu wake. Mti wa mita 5, kaa mita 10. Kila siku saa 3 asubuhi, ndiyo saa ya vituo vya Serikali, ingiza rula ya mtoto wa shule na usome milimita. Rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri. Ikate au uiongeze katika hesabu. Kisha mwaga maji, uandike katika daftari. Ikinyesha mvua ya mawe, lifunike kopo na uliache ndani ya nyumba hata mawe yayeyuke, ndipo usome. Hivi ndivyo wafanyavyo wapimaji wa nchi za theluji pia: huyeyusha kwanza.

Kopo halitakuambia kila kitu. Milimita 50 zikinyesha kwa siku mbili taratibu, udongo huzinywa. Milimita 50 zikishuka kwa nusu saa juu ya ardhi ngumu iliyo uchi, nyingi zake hukimbilia mtoni pamoja na udongo wako mzuri. Kopo litasema hamsini siku zote mbili. Kwa hiyo baada ya kusoma kopo, chukua jembe uchimbe. Katika udongo wa kichanga wa miombo, milimita 25 hushuka kama sentimita 30. Katika udongo mweusi wa mbuga hushuka sentimita 10 hadi 12 tu, maana huo hushika maji mengi katika nafasi ndogo. Ukikuta unyevu umekwenda pungufu sana ya hapo, jua kwamba maji yamekukimbia, na dawa yake ni matuta yanayokingama mteremko, yaliyofungwa kwa vijituta kila mita mbili au tatu, pamoja na mabua yaliyoachwa shambani badala ya kuchomwa.

Sasa turudi kwenye swali la mahindi yaliyokauka. Tuwachukue wakulima wawili. Wa kwanza aliona mvua tarehe 8 Novemba. Radi zilipiga, watu wakashangilia, akapanda siku ya pili. Kopo, kama angekuwa nalo, lingeonyesha milimita 9. Mbegu zilipata unyevu wa kuota, zikatoa mche, kisha siku 12 zikapita bila tone. Jirani yake alisoma 9, akangoja. Mwisho wa mwezi alipata 14, kesho yake 11. Jumla 25 kwa siku mbili, akachimba na kukuta unyevu umeshuka shubiri nzima na zaidi. Akapanda. Wote wawili walikuwa na mvua ile ile, na mbegu za duka lile lile.

Kanuni ninayoitoa kwa nyanda za Mpanda ni hiyo: upate milimita 20 hadi 25 ndani ya siku tatu, na unyevu uliofika shubiri moja, ndipo upande mahindi. Usingoje mpaka Januari ili uwe na hakika zaidi, kwa kuwa kila juma linalopita huyasogeza mahindi yako kwenye mwisho wa mvua.

Mahindi hutaka kati ya milimita 500 na 800 kwa msimu mzima, lakini si kwa kipimo sawa kila siku. Yakiwa machanga hunywa milimita 2 au 3 kwa siku. Yakitoa mbelewele na nywele hunywa 5 hadi 7, na hapo njaa ya siku chache huacha magunzi yenye mapengo. Katika mwezi wa Februari mvua yetu hupenda kukatika kidogo. Shamba la kichanga laweza kuwalisha mahindi wa wakati huo kwa siku 10 hivi kutoka akiba yake, si zaidi sana. Kwa hiyo jumlisha daftari lako kila siku kumi. Ukiona jumla imepungua milimita 50 wakati wa mbelewele, palilia upesi, maana kila gugu lina mdomo wake, na usiweke mbolea ya kukuzia juu ya udongo mkavu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya msimu, ikitumia maneno "wastani", "juu ya wastani" na "chini ya wastani". Maneno hayo hueleza jumla ya msimu kwa eneo pana. Hayasemi mvua itaanza siku gani kwako, wala itakatika lini. Yatumie kuchagua mbegu: ikitangazwa chini ya wastani, ongeza eneo la mtama na muhogo, na chagua mahindi ya muda mfupi.

Daftari la msimu mmoja lina faida kidogo; la misimu mitano ni mali. Wenye makopo katika kijiji kimoja walete madaftari yao kwa Bwana Shamba mwezi wa Septemba, kabla ya mbegu kununuliwa, ili hesabu za Mwese, Mpanda na bondeni ziwekwe mezani pamoja. Tarehe iandikwe kila siku, hata siku isiyo na mvua. Hapo weka 0, usiache pengo.